Shajara ya mradi: nakala za sauti za wazee zilipokwama

Jumatatu, saa mbili usiku, Kirumba

Mchana binti wa marehemu mzee wa Igombe amenipigia simu. Arobaini ya baba yake ni Jumamosi ya wiki ijayo, na ndugu wameomba rekodi yake waisikilize pamoja baada ya sala. Nimemjibu, "Usiwe na wasiwasi dada, nitaileta mwenyewe." Nilipofika nyumbani nimefungua diski ya nje, maana kawaida yangu nikitaka kumpa mtu faili hulitoa kwenye akiba, lile la kwenye kompyuta naliacha limetulia. Folda ya mzee haimo.

Nimepanga folda zote kwa tarehe. Iliyo mpya kuliko zote ina wiki tano na siku mbili. Wazee tisa niliowarekodi tangu hapo, wanne kati yao wa Ukerewe, hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye diski. Na wiki zote hizo, kila saa tatu usiku, nilikuwa nalala nikijua kazi inafanyika.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuujua mradi: tunakusanya kumbukumbu za wavuvi wazee wa upande huu wa ziwa. Wanasimulia mvua za Uhuru na jinsi ziwa lilivyopanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likameza mialo na mashamba. Wanasimulia uvuvi wa dagaa kwa karabai usiku wa giza, na furu wa kila rangi waliokuwepo kabla sangara hajatawala maji. Mpaka sasa ni wazee 61, jumla ya GB 412 za sauti na video. Watatu wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Nimeifungua rekodi ya mzee kwenye kompyuta. Ipo, inasikika vizuri. Lakini kadi ya kinasa sauti nilishaifuta na kuitumia kwa wengine, kwa hiyo usiku huu sauti hiyo iko mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya mezani yenye miaka sita. Sitafuti kosa lolote kabla sijatoa kopi.

Jumatatu, saa nne usiku

Nimechukua flashi ya GB 32. Faili la sauti limeingia: saa 1 na dakika 52, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, stereo, karibu GB 1.9. Video yake, ambayo nilishaunganisha vipande vyote kuwa faili moja la GB 6.2, imekataa. Windows inasema faili ni kubwa mno kwa mahali linakopelekwa, na flashi ina nafasi tele. Hii ni FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski. Flashi nyingi hutoka dukani zikiwa hivyo, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi baiti 4,294,967,295, yaani pungufu ya GB 4 kwa baiti moja, hata kama flashi ni tupu. Nimeifomati upya kuwa exFAT, isiyo na kikomo hicho, kisha nikaingiza yote mawili. Flashi nimeifunga kwenye leso na kuiweka kabatini, chini ya nguo.

Hapo nikashika wazo kwamba hata diski ya nje ina tatizo hilohilo la FAT32, na nimelifuata kwa saa nzima. Siyo. Diski ni NTFS, mfumo mwingine wa faili usio na kikomo hicho, tena kati ya mafaili yaliyokosekana kuna vidokezo vyangu vya maandishi vya KB 3. Faili la KB 3 halikataliwi na mfumo wowote wa faili. Nilipaswa kuangalia ukubwa wa yaliyokosekana kwanza, ndipo nijenge dhana.

Jumanne, asubuhi kabla ya kazi

Kopi ya kila usiku hufanywa na skripti fupi niliyoiandika mwaka jana. Task Scheduler ya Windows huiamsha saa tatu, nayo huita Robocopy, programu ya kukopi inayokuja na Windows yenyewe. Nimefungua Task Scheduler. Kwenye hali imeandikwa kazi inaendelea. Kwenye matokeo ya mara ya mwisho kuna 0x41301, maana yake ni ileile: inaendelea.

Wiki tano nimekuwa nikiona neno hilo na kuridhika. Leo nimejiuliza kwa nini saa kumi na mbili asubuhi inaendelea, wakati kopi ya mafaili mapya ya siku moja haimalizi dakika kumi.

Nimesoma upya maelezo ya Robocopy, na jibu limo humo. Ikishindwa kuandika faili, Robocopy haiachi. Husubiri sekunde 30, hujaribu tena. Usipoiambia vinginevyo, hurudia mara 1,000,000. Nimepiga hesabu: sekunde milioni 30, karibu siku 347. Ingekuwa imekaa hapo hadi mwakani ikibisha mlango uleule. Task Scheduler nayo kwa kawaida haianzishi kazi mpya kama ya jana bado iko hai, na huiua baada ya siku tatu. Kwa hiyo mzunguko umekuwa huu: inaanza, inakwama, siku tatu inabisha, inauawa, inaanza tena. Ukifungua wakati wowote ule utaiona "inaendelea". Haikutoa kosa kwa sababu yenyewe ilikuwa haijakubali kwamba imeshindwa.

Basi ilikuwa inabisha mlango gani?

Jumanne, saa moja jioni

Skripti inaandika kwenye E:\NAKALA. Diski yangu leo inajiita F. Aliyeketi kwenye E ni kadi rida, kile kifaa cha kusomea kadi ya kinasa sauti.

Nimekumbuka siku yenyewe. Ni siku niliyonunua kadi rida mjini ili niache kutumia waya wa kinasa sauti, ambao ni wa polepole. Nilikuwa nimechomoa diski nifute vumbi mezani, nikachomeka kadi rida mpya kwanza. Windows ikakuta herufi E iko wazi, ikaigawa. Diski iliporudi ikapewa F. Tangu siku hiyo kadi rida inashikilia E hata ikiwa haina kadi ndani, na Robocopy ikienda huko inaambiwa kifaa hakiko tayari. Inasubiri sekunde 30.

Halafu likanijia jambo lingine, nikainuka kitini. Wiki nne zilizopita nilikuwa Nansio, kwenye ua wa mzee mmoja aliyewahi kuunda mitumbwi. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza jinsi mbao zinavyoshonwa, kinasa sauti kikaandika kwamba kadi imejaa. Kadi ya GB 64, niliyokuwa nina hakika nimeihamisha yote. Nilimwomba radhi, nikabadilisha kadi, na ile nikaitupia kwenye kopo la kadi mbovu.

Nimeitoa koponi leo na kuichomeka. Kuna folda inaitwa NAKALA. Ndani yake wazee wamejipanga kwa alfabeti tangu mwanzo, mmoja baada ya mwingine, mpaka pale nafasi ilipokwisha, faili la mwisho likakatika katikati. Usiku mmoja kabla ya safari niliisahau kadi ndani ya rida. Saa tatu ilipofika skripti ikakuta mlango uko wazi, ikamimina humo ilichoweza.

Kilichonitia baridi si hicho. Amri niliyoandika ilikuwa na /MIR, ambayo hufanya upande wa pili ufanane kabisa na upande wa kwanza, pamoja na kufuta huko chochote ambacho huku hakipo. Kama skripti ingeelekezwa kwenye E:\ peke yake, bila folda ya NAKALA, ingefuta kadi nzima, pamoja na sauti za siku hiyo ambazo nilikuwa sijazihamisha. Neno moja la herufi sita ndilo lililoziokoa, na nililiweka kwa ajili ya unadhifu tu. Nimeondoa /MIR usiku huuhuu, nikaweka /E, inayokopi folda zote na vilivyomo bila kufuta kitu. Mafaili ya zamani yakirundikana kwenye diski, na yarundikane.

Jumatano

Kwenye Disk Management nimeipa diski herufi R, iliyo mbali na zile za mwanzo ambazo Windows hugawa kwa kila kinachochomekwa. Lakini sitaki tena kuiamini herufi peke yake. Skripti sasa inasoma kwanza jina la diski, na isipokuta jina nililoiwekea inaacha kazi na kuandika onyo. Nimeongeza /R:2 /W:5, ijaribu mara mbili tu kwa kusubiri sekunde tano, na /LOG+ ili kila usiku iache maandishi ya ilichokifanya.

Nimeanzisha kwa mkono kopi ya mafaili yote upya, saa mbili usiku. Imefika GB 38, diski ikalia tik, taa ikazima, na dirisha la F lililokuwa wazi... hapana, sasa ni R, likajifunga lenyewe. Nimewasha tena, tangu mwanzo. GB 36. Tena. GB 41.

Kwa hiyo kulikuwa na kosa la pili nyuma ya la kwanza, na huenda lilikuwepo siku nyingi. Kopi ndogo za kila usiku za GB mbili tatu zilipita bila kulifikia.

Event Viewer, kitabu cha matukio cha Windows, kimeandika tukio namba 157 kila mara: diski imeondolewa ghafla. Nimeshukuru kuona 157. Kama ingekuwa 7, ambayo ni ya sekta mbovu, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, ningekuwa naandika mengine. Nimesoma pia SMART, vipimo vya afya ambavyo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu ya CrystalDiskInfo. Vipimo vitatu ninavyoviangalia ni 05, sekta zilizohamishwa. C5, zinazosubiri kuamuliwa. Na C6, zilizoshindikana kusomeka. Vyote sifuri. Kuna watu huangalia C7 wakidhani inapima waya wa USB. Kwenye diski ya nje C7 inahusu kiungo cha ndani, kati ya diski yenyewe na kibao kidogo cha USB kilichomo kwenye kasha lake, kwa hiyo C7 safi haiusafishi waya wa nje hata kidogo.

Diski ni nzima. Kinachokatika ni njia.

Alhamisi

Nimeomba ruhusa nikatoka mapema. Nimejiwekea sharti moja: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha kuandika.

Mpangilio wa mwanzo ulikuwa huu. Mbele ya kompyuta kuna poti moja ya USB inayofanya kazi. Hapo nilichomeka habu, kile kipande kinachogawa poti moja kuwa nne. Kwenye habu palikuwa na diski, kadi rida, feni ndogo ya mezani na waya wa kuchajia simu. Poti ya USB 2.0 inatoa miliampea 500, na hizo ndizo wote hao wanne walikuwa wanagawana, kwa kuwa habu yangu haina umeme wake wa ukutani. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea nzima kwa sekunde chache. Ikishazunguka hupungua, ndiyo maana ilikuwa inawaka na kuonekana salama, mpaka kazi iwe nzito.

Jaribio la kwanza: diski moja kwa moja kwenye poti ya mbele, bila habu. Imefika GB 121 ikakatika. Nafuu kubwa, lakini siyo dawa. La pili: poti ya nyuma, moja ya zile za buluu za USB 3.0 zinazotoa miliampea 900 na zimeshikamana na ubao mkuu wenyewe, wakati ya mbele inapelekewa kwa waya mwembamba ndani ya kasha. Kasi imepanda mara mbili na zaidi, na nilianza kufurahi. GB 204, nikasogeza kikombe cha chai, waya ukaguswa, tik.

Nimeuchukua waya mkononi. Ni ile aina yenye kichwa kipana chenye sehemu mbili upande wa diski. Nimeushika karibu na kichwa kwa vidole viwili na kuuzungusha taratibu, kidogo sana, kama mtu anavyotafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Taa ya diski ikazima. Nikaurudisha, ikawaka. Plastiki pale unapoingia kichwani imepasuka, na ndani unaona uzi mmoja wa shaba umechomoza. Mwaka mzima diski ilikuwa inaning'inia kwenye habu kwa uzito wake wenyewe, na mzigo wote ulibebwa na kichwa hicho.

Nimeshuka mjini kabla maduka hayajafungwa. Karibu na Makoroboi kuna fundi ninayemwamini, kijana mtulivu asiyeharakisha mteja. Amenipa waya mpya, mfupi wa nusu mita, kwa shilingi 7,000. Nilitaka mrefu niweze kuiweka diski mbali na chai. Amenikatalia: "Mama, mrefu unapoteza umeme njiani. Wewe isogeze chai, diski usiisogeze." Nimemsikiliza.

Waya mpya, poti ya nyuma, diski imelala bapa juu ya kitabu ili kichwa kisibebe kitu. Saa tatu na nusu usiku nimeanza. Imepita 38, imepita 121, imepita 204. Nimeugusa waya kwa makusudi, taa haikutikisika. Nilikuwa bado nimekaa mbele yake, GB 297, umeme ukakatika mtaa mzima.

Ijumaa

Umeme umerudi alfajiri. Diski imefunguka, lakini Windows imesema inahitaji kukaguliwa. Nimeendesha chkdsk na /f, imesahihisha mambo machache ya mpangilio, hakuna faili lililopotea. Kisha Robocopy tena, ikaruka yaliyokwisha kuingia na kumalizia yaliyobaki bila kukatika.

Jambo dogo la kukumbuka. Task Scheduler imeonyesha matokeo 0x1, nami nikashtuka, maana kwa programu nyingi chochote kisichokuwa sifuri ni kosa. Kwa Robocopy 1 maana yake mafaili yamekopiwa, na 0 ni kwamba hapakuwa na jipya. Kushindwa kunaanzia 8. Nimeandika hivyo kwenye skripti: ikipata 8 au zaidi, iache faili la onyo katikati ya dezktopu lenye jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Jumapili, mchana wote

Mafaili 2,316 huku, 2,316 kule. Ukubwa uleule hadi baiti ya mwisho, tarehe zilezile. Wiki tano zimenifundisha kutotosheka na kuona jina la faili, kwa hiyo nimeiagiza PowerShell, programu ya amri ya Windows, ikokotoe SHA-256 ya kila faili pande zote mbili na kuzilinganisha. SHA-256 ni alama ya herufi na tarakimu 64 inayotokana na yaliyomo ndani ya faili. Baiti moja ikibadilika, alama yote inakuwa nyingine.

Imechukua saa nne na ushee. Mafaili 2,314 yamelingana. Mawili hayakulingana.

Nimefungua la kwanza kwenye programu ya kuhariri sauti. Mpaka dakika ya 19 mawimbi yanapanda na kushuka kama mtu anavyoongea, anavuta pumzi, anakohoa, kuku anapita. Kutoka hapo ni mstari mmoja, umenyooka hadi mwisho wa faili kama ziwa kabla ya jua kutoka. Si ukimya wa chumbani, maana ukimya wa chumbani una chembechembe zake. Ni sifuri tupu. La pili limekatika vivyo hivyo, dakika ya 3.

Ni yale ya mwisho kuandikwa Alhamisi kabla umeme haujakatika. Diski ilikuwa imekwisha kutenga nafasi na kuandika jina, ukubwa na tarehe, lakini maudhui yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, yakaenda na umeme. NTFS ina shajara yake ya kurekebisha mpangilio baada ya ajali ya namna hii, na imefanya kazi yake vizuri. Mpangilio ndio inaoulinda, si sauti iliyomo. Robocopy nayo ilipopita Ijumaa ilikuta ukubwa na tarehe vinalingana, ikayaruka. Ingeyaruka kila usiku, miaka yote.

Moja kati ya mawili hayo ni la mama mmoja wa Kayenze, muuza dagaa, ambaye kwa sasa kumbukumbu zake zimeanza kumtoka. Hawezi kuyasema tena aliyoyasema siku ile. Nimekaa kidogo bila kugusa kitu.

Nimeyafuta mawili hayo kwenye diski, nikakopi upya, nikakokotoa tena. 2,316 kwa 2,316. Nimenunua na UPS, kifaa cha betri cha kushikilia umeme unapokatika, ndogo iliyotumika, yenye betri mpya. Inashikilia kompyuta dakika kumi na mbili, zinatosha kufunga kila kitu kwa utaratibu.

Jumanne, wiki ya pili

Diski ya pili, ya kukaa nje ya mji wa Mwanza. Kompyuta na diski ya kwanza viko kwenye chumba kimoja, mezani pamoja. Moto mmoja au mwizi mmoja anatosha kuondoka na vyote.

Kwenye meza moja ya barabarani nimeonyeshwa diski ya TB 16, nyepesi kama kiberiti, kwa shilingi 45,000. Sitaacha kulisema hili kwa yeyote anayehifadhi kitu cha thamani: diski za namna hiyo huwa zimewekewa kibao kinachodanganya ukubwa. Ndani yake huwa na kadi ndogo. Unakopi, inakubali, inaonyesha majina yote, na kilichozidi uwezo wake wa kweli hakipo popote. Nimenunua ya TB 2 kwenye duka linalotoa risiti, na hata hiyo nimeijaribu kwa H2testw, programu inayoijaza diski yote kisha kusoma kila ilichoandika. Imekesha na kushinda, muda wa karibu saa 11. Safi. Windows inaionyesha TB 1.81 na hilo si wizi, ni kwamba kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Jumamosi, Igombe

Nimefika mapema na flashi na spika ndogo. Mama mwenye msiba nimemwamkia, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, hata vijana wa mwaloni waliacha nyavu wakaja.

Kwenye dakika ya 41 mzee anaeleza walivyohamisha nyumba ya baba yake mara mbili ndani ya mwaka mmoja, maji yakiwafuata, na alivyotumwa yeye, akiwa mtoto, kila asubuhi kuchomeka kijiti ukingoni ili wajue ziwa limesogea kiasi gani usiku. "Nikirudi, kijiti kimo majini," anasema, "nachomeka kingine." Mjukuu wake wa kiume, wa miaka kama minane, aliinuka akasogea karibu na spika.

Binti yake ameomba nimwachie kopi. Nimemwachia flashi yenyewe.

Jumatatu, saa mbili usiku

Wiki nzima skripti imepita salama, na kila asubuhi nimesoma maandishi yake. Nimejaribu pia kurudisha: nimechagua wazee watano bila mpangilio, nikawatoa kwenye diski na kuwaweka kwenye laptopu ya jirani ambayo haijawahi kuuona mradi huu, tukawasikiliza. Wamefunguka wote watano.

Jana diski ya pili imevuka kwa meli ya Nansio ndani ya mkoba wa mdogo wangu, imefungwa kwenye kitenge. Leo ameichomeka kwenye kompyuta yake, na nimemwelekeza kwa simu aandike amri ya certutil, inayokokotoa SHA-256 ileile, kwa faili la mzee wa Igombe. Mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Shikamoo dada. Imetoa namba ndefu."

"Marahaba. Nisomee nane za mwisho, polepole."

"Nne. F."

"F ya furu?"

"F ya furu. D ya dagaa. Sifuri. Tisa. B ya bandari. E ya embe."

"Halafu?"

"Moja."

Kwenye daftari langu pia ni moja. Nimeandika pembeni yake: nakala ya tatu, Nansio, sawa.